Siku Sogokuru Aliposema Hatuna Msichana

Mwezi uliopita tuliezua nyumba ya zamani kule Katumba ili tuweke bati. Nyasi zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka yote ile, na kila fungu lililoshuka lilishuka na kitu: panga lisilo na mpini, mbegu za maboga ndani ya soksi, picha ya mtu ambaye hakuna aliyemjua. Kisha fundi akashuka na kijiti kirefu, akataka kukitupa motoni. Nilimrukia mpaka akaangusha nyundo. Kilikuwa mrija wa babu yangu, ule wa kunywea pombe ya mtama, mrefu kama mkono wa mtu mzima, umelainika pale midomo ilipozoea kushika. Niliunusa. Jamani, hamtaniamini, harufu ya kimea bado ilikuwemo.

Basi nilikaa pale chini kwenye masizi, mwanamke mzima na watoto wangu watatu, nikacheka peke yangu. Fundi alidhani nimepandwa na kitu.

Nyie wa rika langu mliokulia Mpanda mjini labda mnatukumbuka sisi wa Katumba kwa jina moja tu, wakimbizi. Mimi nilizaliwa palepale. Sijawahi kukimbia chochote maishani isipokuwa nyuki, na hilo nitalieleza siku nyingine. Waliokimbia Burundi ni wazee wetu, lakini jina tulirithi wote, pamoja na geti. Maana Katumba yetu ilikuwa na geti. Si la chuma, lilikuwa boriti la mti limelala juu ya magongo mawili, na mlinzi mwenye daftari. Ukitaka kwenda Mpanda unaomba kibali, ukirudi unakionyesha. Wa nje wakija kwetu nao wanaandikwa. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba dunia ina pande mbili, ndani ya geti na nje ya geti, na kila upande una uhakika kwamba upande wa pili hawajui kuishi.

Kwetu mtu akikutana na mtu hawashikani mikono wakaachana. Wanakumbatiana, wanashikana mabega, wanaulizana amani, watoto, mvua na mbuzi, mpaka mtoto aliyetumwa chumvi anasinzia amesimama. Wakonongo, wenyeji wa upande wa pili, walituona tuna kazi chache. Kwetu pombe ni ya mtama, chungu kimoja katikati, kila mzee na mrija wake, na mzee akitaka kukuheshimu anakupa mrija wake mwenyewe uvute. Kwao ni wanzuki, pombe ya asali, kila mtu na kikombe chake. Wao walisema sisi tunanyonya kama ndama. Sisi tulisema wao ni wachoyo, kila mtu na lake.

Lakini siku treni ya Mpanda iliposimama stesheni yetu, mambo yote hayo yalisahaulika. Mama zetu walikimbia na mihogo ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma, Wakonongo walikuja na asali kwenye chupa za soda, na lugha zikachanganyika mpaka hujui nani anamtukana nani. Nilizipenda siku hizo kuliko Krismasi. Na hapo stesheni ndipo dada yangu Generoza alipoonana na Patrisi, kijana wa Kikonongo aliyefanya kazi genge la reli, wale wanaokaza mataruma. Patrisi alinunua mahindi ya kuchoma kwa dada yangu kila treni ilipopita, mawili, kisha manne, kisha sita. Watu wakajiuliza kama yule ana tumbo au gunia. Mwisho wake ikaja habari kwamba ndugu zake wanakuja kuposa.

Kumbe nyumba inaweza kubadilika kwa siku moja. Mama alianza kuotesha mtama kwa ajili ya kimea, ukatandazwa kwenye majani ya migomba mpaka mlangoni, tukawa tunaruka kwenda kulala. Masenge, yaani shangazi yangu, dada yake baba, alihamia kwetu na masufuria yake kana kwamba sisi hatuna. Baba yangu, mtu mpole asiyependa maneno, alipaka ukuta udongo mweupe. Mimi nilikuwa na miaka kama minane na sikuweza kula kwa furaha. Nilikuwa nimeshawaambia watoto wote darasani kwamba dada yangu ataishi nje ya geti, na kwamba mimi nitakuwa naenda kumtembelea kwa kibali chenye jina langu.

Mtu mmoja tu hakuonekana kufurahi, Sogokuru. Ndivyo tunavyomwita babu. Jioni moja nilimsikia akimwambia baba kwa Kirundi, wakidhani nimelala kwenye mkeka: "Siku ya kurudi nyumbani ikifika, aliyeolewa nje ya geti tutamwacha." Wakati ule redio yetu, ambayo betri zake tulizianika juani ziongezeke nguvu, ilikuwa na habari nyingi za watu kurudi Burundi. Sogokuru alikaa na ile redio sikioni siku nzima, na begi lake la ngozi lilikuwa limefungwa tangu kabla sijazaliwa.

Lakini kwa mila yetu baba wa binti hasemi siku ya posa. Anasemewa na mzee anayejua maneno, na Sogokuru ndiye aliyekuwa bingwa wa maneno Katumba nzima. Na alijua hivyo. Alikuwa na majivuno, Mungu amrehemu! Watu walimwita kutoka vijiji vya mbali awasemee, na akirudi alituhadithia jinsi alivyowashinda wenzake, akijipigia makofi mwenyewe. Tatizo ni kwamba ubingwa wake wote ulikuwa wa Kirundi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alijua kuuliza bei na kutukana. Na wageni waliokuwa wanakuja walikuwa Wakonongo.

Ndipo akaniita nyuma ya bani, kile kibanda kirefu cha kukaushia tumbaku, akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo mimi ni mwalimu wake.

Mnaweza kufikiria? Mimi, kitinda mimba, ninayetumwa maji na kila mtu mwenye mdomo. Nilichukua fimbo. Kila asubuhi kabla ya shule tulikaa pale kwenye harufu ya tumbaku, yeye anauliza kwa Kirundi, mimi ninampa Kiswahili, anarudia mpaka ulimi unakaa sawa. Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Karibuni wageni wetu, kaeni, mmetembea mbali, poleni na jua. Alikuwa mwanafunzi mbishi, lakini alishika.

Wiki ya pili akaanza kuniuliza mambo mengine. Utasemaje, nyumba hii haina msichana? Nikamwambia. Utasemaje, alikuwepo mmoja lakini amekwenda zake, hatujui alipo? Nikamwambia, polepole. Utasemaje, mmepotea njia, rudini mlikotoka? Hapo nikamwangalia usoni. Hakuwa anacheka. Alikuwa amefumba macho anarudia, mmepotea njia, mmepotea njia, kama mtu anayekariri sala.

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Sogokuru anawakatalia. Anamzuia Generoza asiachwe siku ya kurudi, na maneno ya kumzuia ninampa mimi kwa mkono wangu. Nikamuuliza kwa nini atasema vile na dada yupo. Akaniwekea kidole mdomoni.

"Haya ni ya mimi na wewe," alisema. "Maneno yakisemwa kabla ya siku yake yanachacha."

Niliteseka, msione hivi. Niliwaza kumfundisha vibaya ili siku ile achekwe na posa ipite kwenye kicheko. Lakini mwalimu wetu wa shule alikuwa amenisifu mbele ya darasa kwamba nina Kiswahili safi, na mimi pia nilikuwa na majivuno ya kurithi, nikashindwa kufundisha makosa. Kumwambia mama niliogopa. Kumwambia Generoza niliogopa zaidi. Jumapili moja alikuwa ananisuka, kichwa changu kati ya magoti yake, nikajikuta nimeuliza: "Dada, ukikosa kuolewa na Patrisi utafanyaje?"

Vidole vilisimama. Kisha akavuta ule msuko mpaka macho yangu yakatoka machozi. "Nani amekuambia nitakosa?"

Nikasema hakuna, nimeuliza tu. Alimaliza kunisuka bila neno, na kwa kawaida dada yangu akisuka huimba. Nilijiambia nimemuumiza bure.

Siku yenyewe ikafika, Jumamosi. Nilivaa gauni la Komunyo ya mtoto wa jirani, limenibana makwapa. Watoto wengine walifukuzwa uani kama kawaida, maana mazungumzo ya posa si ya watoto. Sisi tulizoea kuona ngoma na kula tu, yanayosemwa kwanza hatukuyasikia kamwe. Mimi niliruhusiwa. Nilikaa kwenye kigoda kidogo miguuni pa Sogokuru ili neno la Kiswahili likimpotea nimnong'oneze. Kichwa kilinizunguka kwa ukubwa wa heshima ile, na niliiogopa ile siri. Vyote viwili kwa pamoja.

Wageni walikuja wanane, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli, na madebe mawili ya asali yamefungwa kwa kamba za magome. Aliyewaongoza alikuwa mjomba wa Patrisi, mrina asali, mzee mwembamba mwenye kofia na makovu ya nyuki mikononi. Alinyoosha mkono amsalimie baba. Baba akamkumbatia. Mjomba akadhani imeisha, akarudi nyuma, kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Baba akamshika mabega, akamkumbatia tena, kofia ikaanguka, kuku akaidonoa. Mama zao wakapiga magoti kuamkia, mama zetu wakadhani wameteleza, wakawainua kwa nguvu. Mimi nilibana kicheko mpaka gauni likatatuka mshono.

Waliketi. Chungu cha pombe kikawekwa katikati, mirija ikiwa bado imelala juu yake, maana hakuna anayeonja kabla ya maneno. Sogokuru akasimama na fimbo yake, akaanza. Jamani, mwanafunzi wangu! Hakukosea hata neno. Karibuni wageni wetu, mmetembea mbali, poleni na jua. Watu wetu walinong'onezana, hawakuwahi kumsikia akisema Kiswahili cha namna ile. Nilisahau kila kitu kwa muda, nilikuwa ninasogeza midomo pamoja naye.

Kisha mjomba akasimama, akavua kofia. Alisema kwa sauti ndogo, moja kwa moja, kama wanavyosema wao. Kwamba kijana wao amemwona binti katika nyumba hii, wamempenda, wamekuja kuomba.

Sogokuru akagonga fimbo chini.

"Hapa hatuna msichana," alisema. "Alikuwepo mmoja, amekwenda zake, hatujui alipo. Mmepotea njia, wageni wangu. Rudini mlikotoka."

Akaketi. Mjomba alibaki amesimama na kofia yake mkononi. Aliwatazama wenzake, akatazama chungu, akatazama madebe ya asali waliyoyabeba tangu alfajiri. Kisha akasema wamesikia, na wanashukuru kwa kukaribishwa. Akavaa kofia. Wageni wote wakainuka. Kijana mmoja akaanza kufunga debe kwenye baiskeli.

Sasa niwaeleze jambo ambalo kila mtu mzima wa Katumba alilijua pale uani, na ambalo mimi na wale wageni wanane hatukulijua. Ile ni mila. Kwetu mzee wa upande wa binti lazima amkane. Atasema hayupo, atasema amekufa, atasema ameolewa na mfalme, na mgeni naye lazima agome kuondoka: aseme ameona nyayo zake kisimani, amesikia kicheko chake, hatoki hapa bila yeye. Wanashindana hivyo saa nzima, na anayekubali haraka anaonekana hampendi binti. Anayekana hawezi kulirudisha neno lake mwenyewe, wala ndugu zake hawawezi kumrudishia. Ni mgeni peke yake anayeweza. Na aliyetakiwa kuwafundisha wageni haya yote alikuwa mshenga wetu, fundi baiskeli wa pale karibu na geti, ambaye alikuwa ameanza kuionja pombe tangu asubuhi akisema anaipima. Kwa wakati ule alikuwa amelala nyuma ya banda la mbuzi.

Nilimwona baba ameshika magoti yake. Nilimwona mama mlangoni, mkono mdomoni. Wazee wetu walitazamana na hakuna aliyefungua mdomo. Nilimtazama Sogokuru, nikasubiri afanye kitu. Alikuwa ameinamia fimbo yake anatazama ardhi. Baiskeli ya kwanza ikaanza kusukumwa.

Sijui nilisimamaje. Nakumbuka kigoda kilianguka.

"Yupo!" nilisema. "Yuko jikoni na Masenge. Nimemwacha sasa hivi amepakwa mafuta. Sogokuru anajua. Hayo maneno nimemfundisha mimi."

Mjomba aligeuka. Alinitazama kuanzia misuko mpaka ule mshono uliotatuka.

"Umemfundisha wewe?"

"Ndiyo. Wiki mbili. Nyuma ya bani."

"Na kwa nini anasema hayupo?"

"Sijui," nilisema, na hapo nikaanza kulia kwa sauti, maana ndiyo ilikuwa kweli yangu yote. Nilikuwa nimeitoa siri ya babu mbele ya watu, na sikujua hata ilikuwa siri ya nini.

Alianza kucheka mzee mmoja wa upande wetu, kwa pua, kisha mwingine, kisha mama zetu wote. Wageni walisimama wameduwaa. Mjomba hakucheka. Alitazama zile nyuso, akamtazama Sogokuru aliyekuwa bado ameinama, na nikaona jambo linaingia kichwani mwake taratibu. Wakonongo nao wana watani zao, wamekulia kwenye maneno ya kuzungushana. Alimpa mwenzake kofia amshikie. Akarudi, akaketi palepale alipokuwa.

"Mzee," alisema, "mimi ni mrina asali. Mzinga ukiwa mtupu mimi ninajua kwa mbali, hauna mvumo. Huu wa kwako unavuma. Siondoki."

Sogokuru akainua kichwa.

Laiti mngeuona ule uso. Kwanza ulikuwa wa mtu aliyeamshwa, kisha ukaanza kung'aa kuanzia machoni. Alikuwa amepata mwenzake. Alisimama, akasema mvumo huo ni wa nzi tu. Mjomba akasema nzi hawapakwi mafuta. Sogokuru akasema binti aliyekuwepo alikuwa mvivu, kiwete, hajui kupika. Mjomba akasema vizuri, wao wana asali, hawahitaji kupikiwa. Kiswahili nilichomfundisha kiliisha mapema, Sogokuru akaanza kunichapa begani kwa vidole nimpe kingine, upesi, na mimi nikawa ninanong'ona huku ninafuta kamasi kwa mkono wa gauni la watu. Walishindana mpaka jua likahama upande wa pili wa ua. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Mwisho Sogokuru alinyoosha mikono akasema ameshindwa, akatafutwe huyo msichana, labda yupo. Masenge akamtoa Generoza, kitenge kipya, kichwa kimeinama, uso unameremeta mafuta. Mimi kwa kuwa nilikuwa chini niliona kitu ambacho wengine hawakukiona: pindo lote la kitenge chake lilikuwa limejaa vishona nguo, zile mbegu nyeusi za porini zinazonasa ukipita. Nikamwonea huruma. Nikawaza, hata siku kama hii Masenge amemtuma kuni.

Mirija ikashika kazi. Sogokuru alimpa mjomba wa kwake mwenyewe. Mjomba aliufuta kwa shati lake mara tatu, akavuta kwa uoga. Mvuto wa pili hakufuta. Kisha kijana mmoja wa Kikonongo, sijui kwa nia gani, akafungua debe akamimina asali ndani ya chungu chetu cha mtama. Mama zetu walipiga yowe. Wazee wakaonja, wakatazamana, wakarudi kuonja. Ile pombe ya asali na mtama mpaka leo inapikwa kwenye posa huko kwetu, pande zote mbili za lile geti ambalo siku hizi halipo, na kila upande unasema ni wao walioibuni. Mimi nilikuwepo. Ilibuniwa na kijana aliyetaka kupunguza mzigo wa kurudi nao.

Kesho yake asubuhi Sogokuru aliniita nyuma ya bani. Nilikwenda nimejikunja, nikijua ni fimbo. Alikuwa ameketi na redio yake imezimwa. Alinieleza ile mila yote kwa Kirundi, kuanzia mwanzo, na mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha akachora chini kwa fimbo.

"Yale maneno yalikuwa ya mila," alisema. "Lakini walipoinuka, ningeweza kukohoa. Ningeweza kumkonyeza yule mzee, angeelewa. Sikukohoa. Kile kimya kilikuwa changu." Alinitazama. "Dada yako usimwambie."

Sikumwambia. Nimekuwa na mdomo mwepesi maisha yangu yote, muulizeni yeyote, lakini lile nililishika. Generoza aliolewa, akatoka nje ya geti kwa kibali na ngoma. Siku ya kurudi ilikuja ikaahirishwa na vita, ikaja tena, baadhi ya ndugu walikwenda, wengi tukabaki tukapewa uraia. Begi la ngozi halikufunguliwa. Sogokuru alizeeka, miguu ikamwisha, na aliyemchukua akamtunza ni Generoza na Patrisi, nyumbani kwao Nsemulwa. Alifia mikononi mwao akiwa na asali mdomoni.

Kwa hiyo nilipoupata ule mrija nilijifuta masizi, nikapanda bodaboda moja kwa moja hadi Nsemulwa. Generoza sasa ana wajukuu na anavaa miwani. Aliupokea kwa mikono miwili, akaupuliza, yai la mende likaruka upande wa pili, tukacheka. Kisha akawa anauzungusha vidoleni, na mimi nikaona kwamba nimekuwa mtu mzima vya kutosha na babu amekufa vya kutosha. Nikamwambia. Kile kimya. Kile kikohozi ambacho hakukohoa. Nikamwambia pia, kwa majivuno kidogo, sitaficha, kwamba nisingesimama siku ile asingekuwa na huyu Patrisi anayekoroma sebuleni.

Generoza alivua miwani.

"Mdogo wangu, ningekuwa naye," alisema. "Wewe uliniuliza nikikosa nitafanyaje. Unadhani nilikusuka siku ile nikiwaza nini? Nilifunga kitenge changu na sufuria moja, nikavificha. Niliposikia mjomba anaaga, nilitokea tundu la uzio nyuma ya jiko. Masenge alinishikia ukuti wa ua nipite."

Nikamuuliza alikuwa anakwenda wapi.

"Njiani, kabla ya geti. Nikachutama kwenye nyasi niwangoje wapite. Nangoja, nangoja, hawaji. Badala yake nasikia nyie mnacheka. Nikarudi kwa tundu lilelile, nikakaa kwenye mkeka."

Vile vishona nguo.

Generoza alirudisha miwani machoni, akanyanyuka kwenda kutafuta mahali pa kuuchomeka ule mrija. Nyumba yake ina bati, hakuna nyasi za kuuficha. Mwisho aliuweka juu ya mlango wa jikoni, ule wa nyuma.